Mzee Bado na Donge la Kesho

Kila asubuhi, kabla hajagusa kuni wala unga, Mzee Bado alifungua mlango wa nyuma wa duka la mikate, akaburuta kandambili zake hadi katikati ya ua, akashika kiuno na kuinua uso. Aliitazama mbingu kama mtu anayekagua dari linalovuja: huku jua linakochomoza, kule linakozama, na pale katikati panapohitaji kukunja shingo. Kisha alikohoa, akasema kwa sauti ya kuwatosha majirani wa kuta zote mbili, "Bado." Ndipo akaingia ndani kuwasha tanuri.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limekwisha kupotelea njiani. Mtaa mzima ulimjua kwa neno hilo moja. Alikuwa mrefu, mwembamba, nyusi zimebabuliwa na moto mpaka zikabaki vijistari viwili, na uso wake ulikuwa mchangamfu kuliko wa mtu yeyote anayesubiri maangamizi. Huo uchangamfu ndio uliomchosha dada yake.

"Kama dunia inaisha," alikuwa akimwambia, "nuna kidogo basi, watu wakuamini."

Dada mtu aliitwa Mama Chachu, na duka lilikuwa lao wawili, walilirithi kwa mama yao. Yeye alikanda, mdogo wake alichoma. Chumba cha mbele kilikuwa na rafu za mbao na dirisha la kuuzia. Cha nyuma kilikuwa na tanuri la matofali, meza ndefu, na hori la kukandia lililochongwa kwenye gogo moja, pana kiasi cha kulaza mtoto. Hori hilo halikuwahi kuoshwa. Lilikwanguliwa tu kwa kisu butu, likafunikwa, na kuachwa na harufu yake.

Hamira ya dukani haikuwa na kazi mle ndani. Kila siku, unga ukishakandwa, kabla haujakatwa hata mkate mmoja, Mama Chachu alimega donge la ukubwa wa ngumi, akalitia kwenye chungu kidogo na kulifunika kwa kitambaa kibichi. Donge lililala likachacha. Kesho yake lilichanganywa na unga mpya, likaumua mikate ya siku hiyo, na katika unga huo likamegwa donge jingine. Mama yao aliwafundisha kwa maneno matatu, na siku za ukali aliyasema ameshika mwiko: "Cha kesho kwanza." Kwa hiyo donge la leo lilikuwa na kitu cha jana, na la jana lilikuwa na kitu cha juzi, kurudi nyuma hadi mikononi mwa mama yao, na kwa mama yake mama. Mtaani kulikuwa na watu wasiojua ukoo wao ulikotoka vizuri kama lile donge.

Mzee Bado hakuzaliwa akitazama juu. Alianza baada ya kufiwa na mkewe, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kigoda cha dirishani kuuza. Mama Chachu alidhani ni upweke, akasema utapita. Haukupita, ulijinunulia redio. Tangu hapo hapakuwa na tetemeko, mafuriko wala vita mahali popote ambavyo Mzee Bado hakuvijua kabla mikate haijaiva. Na kwa kuwa dirisha la mikate halina mteja asiye na maoni, ushahidi haukumpungukia.

"Jana nimemwona mtoto anampita babu yake njiani, masikio kayaziba kwa waya, hata salamu hana," alisema fundi cherehani wa ng'ambo, akijikuna kichwa kwa ncha ya mkasi. "Zama za mwisho hizi."

"Si mjukuu wako huyo?" aliuliza Mama Chachu.

"Ndiyo maana najua mambo yamefika mbali."

"Mimi mvua ya mwaka huu siielewi kabisa," alisema mwalimu mstaafu, mama mnene aliyenunua mkate mmoja kila siku na kukaa kama aliyenunua kumi. "Inanyesha kama iliyotumwa mtaa mwingine ikapotea njia."

"Na ng'ombe wangu kazaa mapacha," aliongeza muuza maziwa.

"Sasa hiyo si baraka?"

"Ni baraka. Lakini baraka za ghafla namna hii zinanitia wasiwasi."

Mzee Bado alisikiliza yote haya akiwa ameegemea koleo lake refu la mbao, akitikisa kichwa kwa ridhaa, mfano wa mtu anayesomewa sifa za mgeni wake kabla hajawasili.

Likizo ile, kwenye kigoda cha dirishani alikaa binti mdogo wa Mama Chachu, aliyekuwa chuo kikuu na ambaye watu walimwita Kimya. Alihesabu chenji bila kuinua macho, na chini ya meza alikuwa na kitabu kuhusu watu wa kale waliongoja kiama. Siku moja mjomba wake aliinama akakitazama.

"Mjomba, hicho kinasemaje?" aliuliza, maana yeye na mpwa wake walizoea kuitana hivyo wote wawili.

Kimya aliona haya mpaka masikio. "Kinasema kila kizazi kilidhani ndicho cha mwisho, mjomba. Hata wa zamani sana walilalamika kuwa watoto hawana adabu na mvua zimeharibika."

"Eeh! Mmesikia?" Mzee Bado aliwageukia wateja. "Kumbe ilianza mapema."

"Lakini wote walikosea," alisema Kimya, polepole.

"Walikosea kwa sababu hawakuwa na subira."

Watu wakacheka, na Kimya naye akacheka, akiwa amejiziba mdomo kwa kitabu. Alikuwa na swali moja la kumuuliza mjomba wake, mama yake aliliona machoni mwake. Lakini Kimya alikuwa mtu wa kulizungusha swali mdomoni hadi likayeyuka kama pipi.

Ikaja ile sauti. Ilisambaa simu kwa simu, sauti ya mwanamume mwenye mafua, ambaye kati ya chafya na chafya alieleza kwamba mwisho ni Jumatano, kabla ya saa sita mchana. Hakusema yeye ni nani wala kaambiwa na nani. Fundi cherehani aliipokea akaituma kwa kila mtu aliyewahi kumshonea suruali.

"Mimi mwenyewe siamini," alisema. "Nimetuma tu, mtu asije akanilaumu kwamba nilijua nikanyamaza."

Mzee Bado aliisikiliza sauti ile mara nyingi, mkono sikioni. Akalipiga pasi shati lake jeupe, alilokuwa akilitunza chini ya godoro, akalitundika msumarini.

Jumatatu ya wiki ile ikaja habari nyingine: binti mkubwa wa Mama Chachu, aliyeolewa mji wa pili, amejifungua mtoto wa kike. Jumanne asubuhi, mikate ilipokwisha kutoka, Mama Chachu na Kimya wakafunga safari ya kwenda kumwona, walale huko usiku mmoja, warudi. Kukanda kwa siku hiyo moja kukabaki kwa Mzee Bado.

"Chungu kile pale," alisema Mama Chachu, mkoba begani. "Ukishakanda, nini kwanza?"

"Cha kesho kwanza."

"Sema tena."

"Dada, nina mvi mimi."

"Mvi si akili. Sema tena."

Alisema tena. Kisha akamshika dada yake mkono na kuukawiza. "Dada, kama nimewahi kukukosea, nisamehe."

"Umenikosea tangu ulipoota meno," Mama Chachu alimjibu, akiukomboa mkono wake. "Nitakusamehe nikirudi. Basi linaondoka."

Mtoto alikuwa mzuri, mwenye vidole virefu na kilio cha mtu aliyeonewa. Mama Chachu alimbeba usiku kucha, hata akasahau kabisa kwamba kesho ni Jumatano. Alikumbuka walipokuwa wanashuka kituoni mchana wa siku ya pili, kwa sababu harufu ya mkate iliwapokea tangu kona ya barabara, na haikuwa saa ya mkate.

Mtaa ulikuwa kama wenye harusi. Watoto walikimbizana na mikate mikononi. Mwalimu mstaafu alikuwa ameketi kizingitini kwake, makombo kifuani, uso umetulia. Fundi cherehani alikuwa anavuka barabara na mkate chini ya kila kwapa, na alipowaona alijaribu kuificha asijue pa kuificha.

"Mama Chachu! Umerudi! Kumbe mabasi yapo!"

"Kuna nini huku? Harusi ya nani?"

"Hapana, ilikuwa… mwisho wa dunia," alisema fundi. "Ila naona umeahirishwa."

Mama Chachu aliingia chumba cha nyuma. Mdogo wake alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya shati lake jeupe, mikono magotini, kama abiria ambaye gari lake halikuja na kituo kimefungwa. Mifuko ya unga ilikuwa mitupu, imekunjwa vizuri. Alikuwa amekanda unga wote uliokuwamo ndani, akachoma wote, akagawa bure.

"Nilisema watu wasikutwe na njaa," alieleza.

Kwa hilo Mama Chachu hakumlaumu. Hata mama yao angemsifu. Kisha jicho lake likafika kwenye rafu. Chungu kidogo kilikuwa kimepinduliwa juu ya kitambaa kikavu, kinang'aa.

"Donge liko wapi?"

Mzee Bado alitazama vidole vya miguu yake. "Nililitia lote, dada. Sikumega. Niliona kesho haipo, nimwekee nani?"

"Na chungu?"

"Nilikiosha. Kwa sabuni. Sikutaka tukabidhi vyombo vichafu."

"Tumkabidhi nani?"

Akanyoosha kidole juu, taratibu.

Mama Chachu aliketi. Mkate uliokwisha kuiva hauwezi kuumua mwingine, moto umeshaiua chachu. Majirani wote walinunua mkate, hakuna aliyewahi kuweka donge. Kile walichokuwa wamekilinda mama yao na bibi yao, katika njaa na katika shibe, kilikuwa kimeliwa mchana mmoja na mtaa mzima, na wengine walikuwa hata hawajamaliza kutafuna.

Kuanzia jioni ile Mama Chachu hakumsemesha mdogo wake. Alimsemesha Kimya, huku mjomba mtu amesimama hatua moja tu kutoka hapo.

"Mwambie mjomba wako kuni zimelowa."

"Mjomba, mama anasema…"

"Nimesikia. Mwambie mama yako nimezianika."

"Mwambie mjomba wako anaanika kuni kwenye kivuli."

Walinunua unga mpya na hamira ya kopo. Mikate ilitoka mikubwa, myepesi, inang'ara, na wateja wakainunua kwa adabu, wakatafuna wakitazamana.

"Si mbaya," alisema mwalimu mstaafu. Akafikiri. "Ila ni kama kukumbatiwa na mtu usiyemjua."

Muuza maziwa alisema ng'ombe wake ameukataa. Mama Chachu alifunga dirisha mapema, akasema kama ni mikate ya namna hii, kila mtu anaweza kwenda kuinunua popote, na wao hawana haja ya kuamka kabla ya jogoo. Alisema kwa sauti tulivu. Kimya alijua maana yake: mama yake anafikiria kufunga duka.

Mzee Bado pia alijua. Asubuhi iliyofuata hakutoka uani. Dada yake alipoingia alimkuta amepiga magoti ndani ya hori la kukandia, makalio juu, kisu butu mkononi, akichokonoa nyufa za mbao kama anayetafuta pete.

"Mwambie mjomba wako hori si kitanda," alisema Mama Chachu.

"Mwambie mama yako," alijibu Mzee Bado bila kuinuka, sauti ikitokea kwenye gogo, "kwamba hili nilitaka kuliosha pia siku ile, lakini watu walikuwa wameshajaa dirishani. Sikuwahi."

Mama Chachu alisogea. Kwenye sahani kando ya hori palikuwa na vumbi na magamba ya unga uliokauka, mengine ya njano, mengine meusi kama kucha kuukuu. Unga wa mwezi uliopita, wa mwaka uliopita, na pengine, chini kabisa kwenye ufa ule mkubwa ambao mama yao alikuwa akiuita mdomo, unga ambao mikono yake mwenyewe iliukanda. Mama Chachu aliokota gamba moja, akalivunja, akalinusa. Alivua bangili, akapasha maji moto kidogo, akaongeza unga mpya, akayaponda magamba yote, akakoroga kwenye bakuli hadi yakawa uji mzito usio na matumaini yoyote.

"Akiba haiozi," alisema mwishowe, akilitazama bakuli. "Tuone kama ni kweli."

Wakangoja. Kila siku Mama Chachu alimwaga sehemu ya uji, akaongeza unga na maji. Mzee Bado alihamishia godoro lake karibu na tanuri ili bakuli lisipigwe na baridi, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa chembamba, akalifunika kwa lile shati jeupe. Asubuhi aliamka, akainua ukosi wa shati kwa vidole viwili, akachungulia.

"Bado," alisema.

Siku ya pili, bado. Siku ya tatu uji ulinuka vibaya, na Mzee Bado akalifunika bakuli vizuri zaidi, kama mgonjwa asiyetakiwa kusikia anayosemwa. Hakuwasha redio. Hata fundi cherehani aliona mabadiliko, akaja dirishani kwa wasiwasi.

"Bado, siku hizi hutazami juu. Au umepewa habari ukatuficha?"

"Niache, nina kazi."

"Kazi gani?"

"Naangalia uji."

Fundi akarudi kwake akitikisa kichwa, na mchana huo akawaambia wateja wake kwamba sasa ndiyo imekwisha kabisa, maana hata Bado ameacha kungoja.

Siku moja, tanuri likiwa halijawashwa, Mama Chachu alisikia anaitwa kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu walipokuwa watoto na mdogo wake ameona nyoka.

"Dada! Dada, njoo!"

Alikuja na kilemba mkononi. Shati jeupe lilikuwa limevimba juu ya bakuli kama kitambi cha tajiri. Mzee Bado alilifunua. Ndani, uji ulikuwa umepanda hadi ukingoni, umejaa matundu, na matundu yalikuwa yanapumua: moja linapasuka hapa, jingine linafumba kule. Harufu ilikuwa ileile, kali kidogo, tamu kidogo, harufu ya mikono ya mama yao asubuhi.

Walisimama kichwa kwa kichwa juu ya bakuli. Mama Chachu ndiye aliyeanza kucheka, na mdogo wake akafuata, na Kimya alipotokea chumbani, nywele hajazichana, aliwakuta wazee wawili wanacheka juu ya uji kama waliokula kungumanga.

"Mdogo wangu," alisema Mama Chachu, moja kwa moja, bila mjumbe. "Ule msamaha ulioniomba, nilisema nitakupa nikirudi. Chukua. Ila shati lako limeharibika."

"Acha liharibike. Litafuliwa."

Kesho yake mikate ya kweli ilirudi dirishani. Mwalimu mstaafu alikula nusu ya wake pale pale akiwa amefumba macho, muuza maziwa akanunua na wa ng'ombe, na fundi cherehani akasema alijua tangu mwanzo kwamba mtu mwenye mafua hawezi kuaminika. Mama Chachu alimpa kila mmoja wao donge dogo ndani ya kitambaa kibichi, akawaonya: anayelitupa asije tena dirishani kwake.

Na asubuhi iliyofuata mlango wa nyuma ukalia, kandambili zikaburutika hadi katikati ya ua. Mama Chachu, mikono yake ndani ya hori hadi kwenye viwiko, alitikisa kichwa. Kikohozi kikasikika.

"Bado."

Ila safari hii kandambili nyingine zilifuata. Kimya alikuwa ametoka kuchukua kuni, na badala ya kurudi alisimama pale, mzigo kifuani. Mlango ulikuwa wazi. Mama Chachu alisikia binti yake akivuta pumzi, akajua swali lile la likizo nzima limegoma kuyeyuka.

"Mjomba," Kimya aliuliza, "watu wote waliopita walingoja, na ikawapita. Kwa nini wewe unaona ni lazima iwe sasa, katika siku zako?"

Mama Chachu alikuwa amekwisha kumega donge la kesho. Mkono wake ulisimama juu ya chungu.

Mzee Bado aliendelea kutazama juu kidogo, bila kununa, kisha akamgeukia mpwa wake akampunguzia kuni mbili.

"Siku tuliyomzika mke wangu," alisema, "nilirudi hapa nikakuta watu wamejipanga dirishani wanataka mkate, na jua liko palepale. Nikajua dunia haijapata habari. Basi kila asubuhi huwa natoka kuitazama kama imepata."